Dozi Moja Iliyobaki

Mtaani walimwita Pima, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Fundi mwingine akikupima kiuno mara moja anaandika na kuendelea na porojo zake. Pima alikupima, akakuambia uvute pumzi, akakupima tena, kisha akakupima mara ya tatu kwa sababu ile ya pili alihisi umebana tumbo. Hakuamini uzi mpya mpaka auvute na ukatae kukatika. Hakuamini sindano wala mkasi uliotoka kunolewa. Pembeni ya cherehani chake palikuwa na kikapu cha vipande vilivyobaki kwenye ukataji, na hakuna kitu kilichogusa nguo ya mteja kabla ya kupitia kikapu hicho kwanza. Watu walicheka, lakini sare alizoshona Pima hazikufumuka makalioni siku ya kwanza ya shule, na mzazi aliyewahi kupatwa na aibu hiyo kwa fundi mwingine alikuja kwa Pima bila kubisha.

Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake. Kati ya chumba hicho na sebule palikuwa na pazia tu, na nyuma ya pazia, kwenye kiti chenye mikono, alikaa baba mwenyewe na mguu wake juu ya kigoda. Huyu kila mtu alimwita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, akastaafu, na bado alikuwa akisahihisha risiti za dukani kwa kalamu nyekundu. Mwezi uliopita alikuwa amepasuliwa goti. Daktari alimpa vidonge vikali vya maumivu, na Mwalimu alivitunza mwenyewe kwenye mfuko wa shati, mfuko wenye kifungo, na kifungo kimefungwa.

Sababu ya kile kifungo ilikuwa Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake Pima, kitindamimba, ndiyo maana ya jina, ingawa sasa alikuwa na miaka thelathini na moja na ndevu zake kamili. Miaka mitano ya ujana wake alikula unga, au unga ulimla yeye, sijui tusemeje. Mwezi uleule waliomzika mama yao, aliuza cherehani cha marehemu, kile cha miguu ambacho Pima alijifunzia kazi. Mwalimu hakupiga kelele. Aliacha tu kusema naye. Miaka mitatu ilipita hivyo, na miezi minane ya mwisho Kitinda akawa amerudi nyumbani, ameacha unga, kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutuliza kiu ya unga, mbele ya macho ya nesi, na saa tatu yuko kwenye meza ya pasi akimsaidia dada yake. Vifungo alivyoshona havikung'oka. Mwalimu aliviona, akavivuta kwa vidole, na bado hakusema naye.

Alisema kupitia Pima.

“Mwambie mwenzako pasi inanuka moto,” Mwalimu angesema nyuma ya pazia, Kitinda akiwa hatua nne tu kutoka kwake.

“Kitinda, pasi inanuka moto.”

“Mwambie nimeshaipunguza.”

“Baba, ameshaipunguza.”

“Mwambie aliipunguza kwa kuchelewa.”

Pima alizipeleka salamu hizo huku na huku bila kuinua macho kwenye mshono. Alikuwa amezoea. Kusema kweli, miezi ile minane ilikuwa mizuri kuliko yote aliyokumbuka tangu mama yao aondoke. Asubuhi alikunywa chai na ndugu yake aliyenawa uso, mchana walishona na kupiga soga, na baba alikuwepo nyuma ya pazia akigomba, jambo linaloonyesha kwamba mtu ni mzima. Pima hakutaka zaidi ya hapo.

Ila Mwalimu alikuwa amekwisha tangaza. Shule zikifunguliwa, sare zitakuwa zimeisha na kazi ya vifungo imeisha nayo, basi mwenzako atafute chumba chake. Kitinda hakubisha. Akatafuta, akapata kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, chumba cha mtu mmoja chenye komeo la ndani.

Lile komeo ndilo lililomnyima Pima raha. Nesi wa kliniki alikuwa amewaambia ndugu wa wagonjwa bila kupepesa macho: watu hawa wanaweza kukaa vizuri mwaka mzima, kisha siku moja wateleze, na mwili uliokwisha sahau unga haubebi tena kiasi kile cha zamani. Anayeteleza mbele ya watu huokolewa. Anayeteleza peke yake amejifungia, anakutwa asubuhi. Pima aliyasikia maneno hayo na tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja tu maishani ukiacha sare: Kitinda asiende kulala nyuma ya komeo.

Siku hiyohiyo nesi aliwafundisha habari ya naloksoni. Mtu akizidisha unga, au vile vidonge vikali vya maumivu, maana hivi viwili ni ukoo mmoja, mwili husahau kupumua, na dawa hii huukumbusha. Mlaze chali, inua kidevu, ingiza ncha ya kichupa puani, bonyeza mpaka mwisho. Kichupa kimoja dozi moja, mbonyezo mmoja. Kila familia ilipewa kiboksi chenye vichupa viwili, cha pili kikiwa cha kutumia endapo dakika mbili tatu zitapita na mtu hajashtuka. Pima aliandika kila kitu kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine.

Akafika nyumbani, akakiweka kiboksi mezani, akakitazama. Je, kama ni kibovu? Hata balbu dukani unawashiwa kwanza ndipo unaichukua. Itakuwaje kitu cha uhai wa mdogo wake akipokee hivihivi, kwa maneno matupu? Kitinda alikuwa ametoka, na Mwalimu alikuwa hospitalini kwa lile goti. Pima akachana kifuko, akaelekeza ncha kwenye kipande cha kaki ndani ya kikapu, akabonyeza. Fyuu. Kaki ikalowa kidogo. Akafurahi. Akabonyeza tena ili ahakikishe, na hakikutoka kitu, na hapo ndipo maneno ya nesi yalipomrudia moja moja kwa sauti ya nesi mwenyewe.

Alikirudisha kichupa kile kwenye kiboksi, akakipandisha kiboksi kwenye rafu juu ya nyuzi, akajiambia Jumatatu atakwenda kueleza aongezewe kingine. Jumatatu nne zikapita. Mwanamke anayepima watu mara tatu haoni raha kwenda kutangaza kwamba amemwaga dawa ya uhai kwenye kipande cha suruali.

Jumamosi moja, wiki kama moja kabla ya shule kufunguliwa, kazi ilikuwa imepamba moto. Pima alikuwa anakunja pindo za sketi, Kitinda ananyoosha mashati meupe na kuyapanga, na kwenye benchi alikaa Mama Mapacha, jirani, muuza mayai, ameegesha pikapu yake ndogo ya kubebea trei mlangoni na ameapa kutoondoka bila sare za wanawe wawili.

“Wewe Pima utaniua,” alisema. “Watoto wenyewe mapacha. Pima mmoja, shona mbili.”

“Mmoja ana bega la kushoto chini kidogo.”

“Hilo bega hata mimi niliyemzaa silijui.”

Kitinda alicheka akiwa ameinamia pasi. Pima naye akacheka. Hata Mwalimu, nyuma ya pazia, siku hizi alikuwa mpole ajabu. Alisinzia mapema, alijikuna pua, chakula alikionja na kukiacha, na juzi aliacha risiti ya sabuni bila kuisahihisha. Pima alidhani goti limemtia adabu. Kitinda peke yake ndiye aliyemtazama baba yake kwa muda mrefu kidogo, siku kama nne zilizopita, kisha akamuuliza dada yake kwa sauti ya chini, “Baba anameza vidonge vingapi kwa siku?”

“Anavyo mwenyewe mfukoni,” Pima alimjibu. “Na sababu ya kuviweka huko unaijua.”

Kitinda aliijua. Alirudi kwenye vifungo vyake na hakuuliza tena.

Basi saa tisa hivi ya mchana ule mkoromo ulianza nyuma ya pazia. Ulikuwa mzito, wa kuvuta kutoka chini, na ndani yake mlikuwa na mlio wa maji.

“Mwalimu leo kaupata usingizi,” alisema Mama Mapacha.

“Mwache alale,” Pima alisema. “Usiku goti halimpi nafasi.”

Kitinda alisimama na pasi mkononi. Alikuwa ametega sikio. Mkoromo ulikatika, pakapita kimya kirefu, halafu ukaja mwingine.

“Dada, huo si usingizi.”

“Kitinda, shati hilo.”

Aliiweka pasi palepale, juu ya shati jeupe la mtoto wa watu, akapita pazia mbio. Pima aliinuka kwanza kwa ajili ya shati. Baadaye hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba aliinua pasi, akaona alama ya kahawia mgongoni mwa shati, akakasirika, ndipo akamfuata.

Mwalimu alikuwa ameteleza kwenye kiti, kidevu kifuani. Kitinda alikuwa amekwisha mshika mabega, anamtikisa, anamwita. Akamsugua kifuani kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu kiasi kwamba Pima alitaka kumzuia. Mwalimu hakukunja hata uso. Kitinda akafunua kope la jicho moja. Mboni ilikuwa imesinyaa ikawa ndogo kama tundu la sindano. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na kucha vilevile.

“Amezidisha,” Kitinda alisema. “Leta kiboksi. Mama Mapacha, washa gari.”

Mama Mapacha hakuuliza swali hata moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Pima alikimbilia rafuni, akaangusha nyuzi, akarudi na kiboksi. Kitinda alikuwa amemlaza baba yake chali sakafuni na kuinua kidevu chake. Akafungua kiboksi. Akakitazama kichupa cha kwanza, kifuko chake kimechanwa, kitufe kimezama.

“Hiki kimetumika.”

“Ni mimi,” Pima alisema. “Nilikijaribu.”

“Ulikijaribu wapi?”

“Kwenye kaki.”

Kitinda alimtazama kwa kufumba na kufumbua, akaweka kile kitupu chini, akachukua cha pili. Alichana kifuko, akaingiza ncha puani mwa Mwalimu, akabonyeza mpaka mwisho. Kisha akamziba baba yake pua, akaweka mdomo wake juu ya wa mzee, akapuliza. Kifua cha Mwalimu kikapanda. Kikashuka.

“Nihesabie, dada. Mpaka tano, halafu uniambie.”

Pima alipiga magoti upande wa pili, akaweka kiganja kifuani mwa baba yao, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, puliza. Hesabu yake haikutetemeka; maisha yake yote alikuwa amepima vitu na sasa alipima muda, sawasawa, bila kukimbilia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, puliza. Kila pumzi iliyoinua kiganja chake ilikuwa ya Kitinda. Dakika ya kwanza ilikwisha, na ya pili. Dakika ya tatu ilifika, ndiyo ya kichupa cha pili, na dawa ya kile kichupa ilikuwa imekauka zamani kwenye kipande cha suruali ndani ya kikapu. Pima aliendelea kuhesabu huku machozi yakimtiririka. Alijichukia kwa kila namba aliyoitaja.

Kitinda hakuacha. Jasho lilimdondoka kwenye shati la baba yake. Kuna mara Pima alidhani amechoka, kumbe alikuwa anasikiliza tu, sikio karibu na pua ya Mwalimu, kisha akapuliza tena.

Mnamo dakika ya tano Mwalimu alikohoa. Akavuta hewa mwenyewe, pumzi ndefu yenye mkwaruzo, na nyingine. Macho yakafunguka, yakazunguka darini, yakatua kwenye uso wenye ndevu uliokuwa juu yake karibu kugusana. Akausukuma kwa mkono.

“Umenipulizia nini puani, wewe?”

Mama Mapacha, aliyekuwa amewasha gari na kurudi kwenye pazia, alishika mdomo. Kwa miaka mitatu hilo lilikuwa neno la kwanza Mwalimu kumwambia mwanawe ana kwa ana, na alilisema kwa ukali uleule aliokuwa akiwatolea ubaoni wasiojua jedwali la saba.

“Dawa, baba,” Kitinda alisema.

“Nani kakuruhusu?”

“Hukuwa na nafasi ya kuulizwa.”

Mwalimu alijaribu kuinuka, goti likamuuma kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akagutuka na kulaani. Akasema yuko sawa, alikuwa amelala, haendi hospitali yoyote. Pima alitaka kumsihi. Kitinda hakusihi. Alimweleza baba yake wazi kwamba dawa ya puani huisha nguvu kabla ya vidonge kuisha tumboni, kwamba baada ya saa moja anaweza kuzama tena, na kwamba hapa ndani hakuna dozi nyingine. Halafu akamwinua, akamtia bega, akampeleka. Mwalimu alikaa mbele. Kitinda na Pima walipanda nyuma kati ya trei za mayai, na Mama Mapacha aliendesha kwa namna ambayo mayai arobaini yaliharibika, na hakumdai mtu hata moja.

Njiani Pima alisema, “Ningemuua baba.”

“Dada, sisi mateja tunakula kitu bila kujua kina nini ndani. Wewe angalau ulijaribu kwanza.” Akamwangalia kwa pembeni. “Lakini kwenye kaki, jamani?”

Pima alicheka huku analia, mpaka mtu aliyekuwa anavuka barabara akawashangaa.

Hospitalini saa moja ilipita na Mwalimu akaanza kusinzia tena vilevile, kama Kitinda alivyosema. Safari hii palikuwa na dripu, nesi na dawa ya kutosha. Wakamrudisha. Wakamlaza mpaka kesho yake. Daktari alihesabu vidonge vilivyobaki, akahesabu siku, akauliza, na Mwalimu akajibu huku anatazama ukuta, “Nilikosea hesabu.” Daktari akaandika. Ilikuwa inaeleweka, mzee, maumivu, usingizi, mtu anasahau kama amemeza. Akasema vidonge visikatwe ghafla, vipunguzwe taratibu chini ya macho ya mtaalamu, na kliniki anayokwenda kijana wako wanaifanya kazi hiyo. Mwalimu alisema atafikiri.

Pima alijipeleka kliniki Jumatatu, akaeleza kila kitu, mpaka habari ya kaki. Nesi alimsikiliza hadi mwisho na uso mkavu.

“Nimeona waliozipoteza,” alisema. “Nimeona walioziacha juani. Wa kuzijaribu kwenye kitambaa wewe ndiye wa kwanza.” Kisha akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akavua miwani. Alimpa viboksi viwili. Juu ya kila kimoja aliandika kwa kalamu nene: USIJARIBU.

Nyumbani mambo yalirudi yalivyokuwa, na hayakurudi. Mwalimu alikaa kitini kwake, vidonge mfukoni, kifungo kimefungwa. Sasa alisema na Kitinda moja kwa moja, lakini vitu vidogo tu: lete maji, sogeza kigoda. Pima alisubiri lile neno kubwa. Siku mbili zikapita, tatu, sare zikachukuliwa zote, likabaki lile shati lililoungua ambalo alilishona upya bure. Alhamisi alishindwa kuvumilia.

“Baba, na ile habari ya chumba?”

“Nitasema na mwenyewe,” Mwalimu alimjibu, na hakusema.

Jumapili, kesho yake shule zikifunguliwa, Kitinda alipanga nguo zake. Hazikuwa nyingi. Alizitia kwenye begi, akalifunga, akaliweka kwenye mlango wa sebule, kisha akakaa kwenye kigoda cha pasi kusubiri jua lipungue ndipo aondoke. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa akimtania dada yake kwamba sasa atapata nafasi ya kunyoosha mashati yake mwenyewe na kuyaunguza apendavyo. Pima alikuwa anashona pindo la pazia ambalo halikuhitaji kushonwa.

Kiti cha Mwalimu kililia. Fimbo yake ikagonga sakafu, polepole, mpaka kwenye chumba cha kazi. Kwa mwezi mzima hakuwa amefika huko kwa miguu yake mwenyewe. Alisimama ameshika kingo ya meza ya pasi.

“Sikukosea hesabu,” alisema.

Pima aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani kikanyamaza.

“Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Najua kimoja na kimoja ni vingapi.” Alikuwa anamtazama Kitinda, si Pima. “Goti liliacha kuuma wiki ya pili. Kuuma kwa kawaida kulibaki, lakini kule kwa vidonge kuliisha. Nikaendelea. Nikimeza, nilikuwa natulia. Nilikuwa nakaa pale kitini na mama yenu namkumbuka bila kuumia. Miaka mitatu sijawahi kumkumbuka bila kuumia. Kimoja kikawa hakitoshi. Nikaongeza nikijua naongeza. Siku ile nilimeza vinne.”

Mwalimu akagusa kifungo cha mfuko wake.

“Nikawa navificha mfukoni, nikisema nakuficha wewe.”

“Najua, baba.”

“Ulijua?”

“Pua. Ulikuwa unajikuna pua, kama sisi tukishakula unga. Nikaogopa kusema. Nani angenisikiliza mimi juu ya vidonge?”

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubali jibu ambalo hakulipenda. “Nimekuita mwizi na teja,” alisema. “Na asiye na haya.”

“Mwizi nilikuwa kweli. Cherehani nilikiuza mimi.”

“Hilo bado linaniuma.”

“Na mimi.”

Mwalimu akafungua kifungo cha mfuko wa shati. Vidole vilimchukua muda. Akatoa kichupa cha vidonge, akamnyooshea mwanawe.

Kitinda alirudisha mikono nyuma. “Usinipe mimi. Hata sasa nikikiona mate yananijaa. Mpe dada.”

Mwalimu alibaki na mkono hewani, akimwangalia kijana wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kisha akageuka, akaweka kichupa kwenye kiganja cha Pima, na Pima akakifunika kwa vidole vyote. Kilikuwa na joto la kifua cha baba yake.

“Pale kliniki kwenu,” Mwalimu alisema, “wazee wapo?”

“Wapo waliokuzidi umri. Kuna mmoja alikuwa karani wa benki, anavaa tai.”

“Mnaondoka saa ngapi?”

“Mimi naondoka saa kumi na mbili na nusu.”

“Basi uniamshe saa kumi na mbili kamili, mguu huu una mwendo wake.” Alijigeuza kwa shida kurudi sebuleni, akafika mlangoni, akasimama. Akaligusa begi kwa ncha ya fimbo. “Na mzigo huu uutoe hapa njiani. Ukanikwaza nikavunja goti la pili, nani atanipeleka?”

Kitinda aliinuka. Alilichukua begi, akapita pembeni ya baba yake bila kumgusa, akaenda chumbani kwake, na Pima akamsikia akilisukuma chini ya kitanda.